Kifurushi cha Ulinzi au Programu Mojamoja? Mwongozo Kamili kwa Kompyuta ya Nyumbani

Wengi hukwama palepale. Kompyuta ilikuja na antivairasi ya majaribio, muda wake ukaisha. Mwenyewe akaongeza ya bure. Baadaye akaona ofa ya kifurushi chenye kila kitu, akakinunua na kukiweka juu ya zile mbili. Sasa mashine inachukua dakika 5 kuwaka, maonyo yanapishana kwenye kioo, na ukiuliza ni ipi hasa inayolinda, hakuna anayejua.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11. Wenye Mac wana aya yao kwenye Hatua ya 5. Msimamo wetu tuuseme mapema: kuuliza "ipi ina nguvu zaidi" hakukufikishi mbali, kwa kuwa injini ya kunasa virusi iliyomo kwenye kifurushi cha bei ya juu mara nyingi ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye antivairasi ya bei ya chini ya kampuni hiyo. Cha kuuliza ni nani atakayeihudumia mashine baada ya leo. Na vyovyote utakavyochagua, mlinzi wa papo kwa papo (programu inayokagua kila faili pale linapofunguliwa) awe mmoja tu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Akaunti ya kompyuta yenye mamlaka ya msimamizi. Bila hiyo huwezi kuondoa wala kuweka programu za ulinzi.
- Diski ya nje yenye nafasi kuzidi ukubwa wa mafaili yako yote muhimu.
- Barua pepe na nywila ulizotumia kununua leseni yoyote iliyopo sasa.
- Ufunguo wa BitLocker (kifungio cha diski cha Windows) wenye tarakimu 48, kama diski yako imefungwa kwa usimbaji. Mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye karatasi sasa, kwa sababu Hatua ya 4 inaweza kuuomba.
- Intaneti ya uhakika na saa 2 hadi 3 zisizo na haraka.

Jambo moja la pembeni, lakini zito: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako bado iko huko na hukujiunga na mpango wa masasisho ya ziada, hilo ndilo tundu kubwa kuliko yote utakayosoma hapa. Mwaka 2017 virusi vya WannaCry vilipita kwenye kosa ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni waliokuwa hawajasasisha.

## Hatua ya 1: Hesabu walinzi waliopo

Andika Windows Security kwenye menyu ya Start na uifungue. Ingia "Settings", kisha "Manage providers". Utaona antivairasi na kuta za moto zilizojisajili kwa Windows, na ipi iko kazini. Ukutamoto, kwa asiyeuzoea, ni kizuizi kinachoamua mawasiliano yapi yaingie na yapi yatoke kupitia mtandao.

Orodha hiyo ni nzuri ila haisemi yote. Programu iliyoondolewa nusunusu hupotea kwenye orodha huku mizizi yake ikibaki ndani. Kuiona mizizi, bofya kulia kitufe cha Start, fungua Terminal yenye mamlaka ya msimamizi (kwenye Windows 10 ni PowerShell), uandike:

fltmc filters

Itatoka orodha ya viendeshi vinavyokaa katikati ya programu na diski, kila kimoja na namba yake kwenye safu ya "Altitude". Namba zinazoanzia 320000 hadi 329999 zimetengewa antivairasi. Ile ya Windows yenyewe inaitwa WdFilter na namba yake ni 328010. Ukikuta mstari mwingine wenye namba kati ya hizo na jina la programu uliyodhani uliitoa mwaka jana, umekipata kinachoikwamisha mashine.

Hatua hii imekamilika pale karatasi yako inapokuwa na kila jina na hali yake: inafanya kazi, imeisha muda, au ni mabaki.

## Hatua ya 2: Nakili mafaili nje ya mashine

Nakili nyaraka, picha, na faili la nywila kama unalo. Kisha fungua mafaili matatu au manne kutoka kwenye diski ya nje kuhakikisha yanafunguka. Chomoa diski.

Kuichomoa ni sehemu ya kazi. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa, na nakala iliyoachwa kwenye USB mwezi mzima hufungwa pamoja na asili yake.

## Hatua ya 3: Fungua kifurushi uone kilichomo, kisha uamue

Kifurushi huuzwa kwa wingi wa vitu kwenye boksi. Vipitie kimoja kimoja na ujiulize kama tayari unacho.

Antivairasi. Hiki ndicho kiini. Windows inakuja na Microsoft Defender, ambayo hujisasisha yenyewe na haina tarehe ya kuisha. Kwa mtu anayepakua programu kutoka vyanzo halali na kusasisha mashine, inatosha. Ukitaka kulinganisha, soma maabara huru, usisome matangazo. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa alama katika makundi matatu: ulinzi, wepesi, na urahisi wa matumizi, kila kundi hadi alama 6, jumla 18. AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, nayo hutoa majaribio yake. Tazama matokeo ya vipindi kadhaa mfululizo. Na usidharau kundi la tatu: linapima mara ngapi programu imeshika faili safi ikidhani ni kirusi, na hilo ndilo huwafanya watu wazime ulinzi kwa hasira.

Ukutamoto. Windows inao, na umekuwa ukiwashwa wenyewe tangu Service Pack 2 ya Windows XP mwaka 2004. Ule wa kifurushi mara nyingi hukupa udhibiti rahisi zaidi wa programu zinazotoka kwenda mtandaoni. Una faida kwa anayesoma kila swali unalouliza. Anayebofya "ruhusu" kila mara hajaongeza kitu.

Kinga ya tovuti za ulaghai. Chrome na Firefox hutumia orodha ya tovuti hatari ya Google Safe Browsing. Edge hutumia SmartScreen ya Microsoft. Kifurushi huongeza orodha nyingine juu yake. Hapa tunakubali kuna faida ya kweli, maana watu wengi siku hizi hawavunjiwi mlango: hudanganywa waufungue wenyewe.

Kitunza nywila. Kitumie, ila kiwe nje ya kifurushi. Ukiweka nywila 150 ndani ya bidhaa ya kulipia kila mwaka, siku unayotaka kuhama utaona uzito. Bitwarden na KeePassXC hazikufungi kwa antivairasi yoyote.

VPN. Huficha mawasiliano yako yasionwe na mwenye mtandao unaoutumia. Haizuii virusi. Kwenye baadhi ya vifurushi VPN huwa na kikomo cha data kwa siku, na ukitaka zaidi unalipa tena.

Udhibiti wa wazazi. Kama nyumba ina watoto wenye simu na kompyuta za aina tofauti, kusimamia zote kutoka ukurasa mmoja ni sababu halali ya kununua kifurushi. Kama wote wako kwenye Windows, Microsoft Family Safety ya bure inatosha kuanzia.

Visafishaji na viongeza kasi. Hivi ni vya kujaza boksi. Microsoft yenyewe haiungi mkono programu za kusafisha rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), na mara nyingine zimeharibu mashine zilizokuwa nzima.

### Sasa amua

Chukua kifurushi kama mashine ni ya wazazi au ndugu ambao hawatafungua mipangilio kamwe, kama una vifaa vitano au zaidi vya kulinda kwa leseni moja, au kama unataka namba moja ya kupiga mambo yakiharibika. Unalipia kupunguziwa maamuzi, na hilo si ujinga.

Chukua programu mojamoja kama uko tayari kutumia dakika 15 kila mwezi kukagua, kama mashine ina RAM ya GB 4 au diski ya kuzunguka, au kama hutaki bidhaa inayokuuzia bidhaa nyingine kila ukiwasha kompyuta.

Kabla ya kulipa, tafuta bei ya mwaka wa pili. Bei inayong'aa ukurasani kwa kawaida ni ya mwaka wa kwanza tu, na ya kuhuisha huandikwa kwa maandishi madogo chini. Zidisha kwa miaka mitatu ndipo ulinganishe.

Na "bure" nayo ina hesabu zake. Mwezi Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea, zilizokusanywa kupitia antivairasi na viongezi vya kivinjari. Soma ukurasa wa faragha, hasa sehemu ya kushirikisha wengine taarifa zako, na uzime kila kisanduku cha "kuboresha huduma" wakati wa kusakinisha.

## Hatua ya 4: Ondoa ya zamani hadi mizizi

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza, kwa nini mbili haziishi pamoja? Kila antivairasi hukaa ndani kabisa ya mfumo na kusimamisha kila faili linalofunguliwa ili ilikague. Zikiwa mbili, faili moja husimamishwa mara mbili, na kitendo cha ya kwanza kulisoma faili huamsha ya pili ikague tena. Mbaya zaidi, moja inaweza kukuta sampuli za virusi ndani ya karantini (mahali pa kufungia vilivyonaswa) ya mwenzake na kupiga kelele. Uzito wa mahali hapo ulionekana tarehe 19 Julai 2024: sasisho moja bovu la CrowdStrike, programu ya ulinzi ya makampuni, liliangusha kompyuta za Windows ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Kosa dogo kwenye ghorofa hiyo ya chini hubomoa jengo zima.

1. Ingia kwenye akaunti yako ya leseni na uzime uhuishaji wa moja kwa moja. Kuiondoa programu kwenye mashine hakusimamishi malipo.
2. Kama nywila zako ziko ndani ya kifurushi, zitoe kwa faili la CSV na uziingize kwenye kitunza nywila kipya. Faili hilo husomeka na yeyote: ukimaliza lifute, kisha umwage kapu la taka.
3. Pakua zana ya kuondoa ya kampuni husika kutoka tovuti yake yenyewe. Norton, McAfee, Avast na ESET zote wanazo. Usichukue kutoka tovuti za upakuaji za watu wengine.
4. Ondoa programu kwa njia ya kawaida kupitia orodha ya programu kwenye "Settings". Washa upya, hata kama haijakuambia.
5. Endesha zana ya kuondoa. Baadhi, kama ya ESET, hutaka Safe Mode, yaani Windows iwake na vitu vya lazima tu: shikilia Shift huku ukibofya "Restart", fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza 4. Hapa ndipo ufunguo wa BitLocker unaweza kuombwa. Kama huna, rudi bila kuendelea.
6. Washa upya kawaida na urudie fltmc filters.

Umefaulu ukiona mstari wa antivairasi ya zamani haupo tena na WdFilter ipo. Defender hurudi kazini yenyewe mara mlinzi mwingine anapoondoka, hivyo huna haja ya kuhofia kubaki uchi kati ya hatua hii na inayofuata.

## Hatua ya 5: Weka ulichochagua

### Njia A: kifurushi

Chagua usakinishaji wa kujichagulia vipengele, sio wa haraka. Toa visafishaji, viongezi vya kivinjari vinavyobadilisha ukurasa wa utafutaji, na VPN kama hutaitumia. Kila kilichobaki nje hakitakula kumbukumbu ya mashine.

Baada ya kuwasha upya, Defender itajizima kumpisha mgeni. Hiyo ni kawaida, usiilazimishe kuwaka. Ukitaka jicho la pili, washa ukaguzi wa mara kwa mara wa Defender kwenye ukurasa wa "Virus & threat protection": hukagua kwa vipindi bila kugombania mlango.

Tahadhari moja: vifurushi vingi hukagua mawasiliano yaliyosimbwa kwa kuweka cheti chao (hati ya kidijitali ya kuthibitisha utambulisho) ndani ya Windows. Kama tovuti ya benki au programu ya kazi itaanza kulalamika kuhusu cheti siku hiyohiyo, mtuhumiwa wa kwanza ni huyo. Ondoa tovuti hiyo kwenye ukaguzi badala ya kuzima kinga yote.

### Njia B: programu mojamoja

Hapa hununui chochote kwa lazima. Panga hivi:

1. Defender kama mlinzi mkuu. Hakikisha ulinzi wa papo kwa papo, ulinzi wa wingu na "Tamper Protection" vimewashwa. Hicho cha mwisho huzuia programu hasidi kuizima Defender kimyakimya.
2. Kizuizi cha programu zisizotakiwa. Kiko chini ya "App & browser control", sehemu ya "Reputation-based protection". Ndicho kinachonasa vile viambatanisho vinavyoingia pamoja na programu za bure.
3. Kinga ya folda. Inaitwa "Controlled folder access" na huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kuandika kwenye Documents wala Pictures. Inafanya kazi pale tu Defender inapokuwa mlinzi mkuu. Siku za kwanza itazuia hata programu halali: utahifadhi kazi, programu iseme faili halipatikani au huna ruhusa. Usiizime. Iruhusu programu hiyo moja kwenye orodha yake.
4. Kizuia matangazo kwenye kivinjari. uBlock Origin kwa Firefox. Kwa Chrome ni uBlock Origin Lite. Matangazo bandia ya "pakua hapa" ni njia kuu ya kuingiza takataka.
5. Kikaguzi cha pili cha kuita kwa hiari. Malwarebytes ya bure inafaa, kwani toleo la bure halikai mlangoni, hukagua ukiiita. Likikupa siku za majaribio ya toleo la kulipia, zikatae, la sivyo umerudi kwenye walinzi wawili.
6. Kitunza nywila cha nje, kama tulivyosema.

Kwa wenye Mac: Gatekeeper na XProtect, kinga za Apple, vimo ndani ya mfumo na havihitaji kuwashwa. Ongeza kizuia matangazo, kitunza nywila na nakala kwa Time Machine. Kifurushi tungekiweka kwenye Mac kwa ajili ya udhibiti wa wazazi, si zaidi.

## Hatua ya 6: Pima kama kweli kinalinda

Alama ya kijani si ushahidi. Taasisi ya EICAR ilitengeneza faili la majaribio lenye herufi 68 tu. Halina madhara yoyote, lakini antivairasi zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya EICAR na utazame:

- Limezuiwa papo hapo, onyo moja likatokea: ndivyo inavyotakiwa. Lionekane pia kwenye historia ya ulinzi.
- Limeshuka na kukaa kimya, likaonekana ulipokagua kwa mkono: ulinzi wa papo kwa papo umezimwa.
- Maonyo mawili kutoka majina mawili tofauti: una walinzi wawili. Rudi Hatua ya 4.
- Hakuna kilichotokea kabisa: angalia folda za msamaha, yaani zilizoondolewa kwenye ukaguzi. Mara nyingi mtu aliiondoa folda nzima ya Downloads kwenye ukaguzi ili aweke programu isiyo na leseni halali, akasahau kuirudisha.

Wanaotumia Defender waandike pia amri hii kwenye Terminal:

Get-MpComputerStatus

Tafuta mistari mitatu. AMRunningMode iwe Normal, RealTimeProtectionEnabled iwe True, na AntivirusSignatureAge, ambayo ni umri wa orodha ya virusi kwa siku, iwe 0 au 1. Ikizidi 3 wakati intaneti ipo, masasisho yamekwama. Anza kwa kuangalia saa na tarehe ya kompyuta, kwani tarehe mbovu huharibu uhakiki wa vyeti na masasisho hukataa kushuka.

## Hatua ya 7: Ratiba na siku ya malipo

Kila mwezi: masasisho ya Windows na kivinjari, ukaguzi mmoja kamili, diski ya nje ichomekwe, inakiliwe, ichomolewe. Ukishuku kuna kitu kimejificha, tumia ukaguzi wa Microsoft Defender Offline: mashine hujiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijapanda, kwa takribani dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza.

Kwa wenye kifurushi, weka kumbusho siku 30 kabla ya leseni kuisha. Siku hiyo linganisha bei ya kuhuisha na bei ya mteja mpya kwenye tovuti ileile. Tofauti inaweza kukushangaza, na kununua leseni mpya kisha kuiingiza kwenye programu iliyopo mara nyingi hukubaliwa. Ukiamua kuacha, tunza barua pepe ya uthibitisho wa kughairi, na usisubiri tarehe ifike: kifurushi kilichoisha muda hakijiondoi chenyewe. Hubaki mlangoni na orodha ya virusi ya zamani, kikikuomba kadi ya benki kila asubuhi, mpaka ukitoe kwa Hatua ya 4.